Uwanja wa Forodhani wa Unguja, na Jinsi Nyumba ya Mawe Inavyokufa

Watu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wamesikia habari za Mji Mkongwe wa Unguja, na wengine wamekwisha kuuona kwa macho yao. Lakini tumeona ya kuwa mtu akisimulia mji ule husema juu ya milango yenye nakshi na vichochoro vyembamba, kisha hunyamaza. Leo twataka kuwaeleza wazee wetu, waalimu, na ninyi nyote msomao gazeti hili, habari za mahali pamoja tu katika mji ule, yaani uwanja wa Forodhani na nyumba ziukabilizo. Tena twataka kueleza jinsi nyumba hizo zilivyojengwa, na namna maji yanavyoziua. Maana iliyo kubwa kupita zote ilianguka upande wake wa mbele tarehe 25 Desemba, 2020, watu wawili wakafa. Jambo hilo ndilo hasa lililotushikisha kalamu, kwa kuwa latuhusu hata sisi tukaao kando ya Ziwa, mbali na bahari.

Kwanza jina lenyewe. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zitokazo na ziingiazo. Zamani majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalipakua mizigo yake pwani hapo hapo, mbele ya majumba ya masultani, na mabanda ya forodha yalikuwa karibu. Mtawala aliweza kukaa barazani kwake akahesabu mali yake iingiapo. Baadaye bandari ilihamia upande wa Malindi, pwani ile ikabaki wazi, na katika miaka ya 1930 ikafanywa bustani, ikaitwa Bustani ya Jubilii. Bustani hiyo ilichakaa sana, ikatengenezwa upya na shirika la Aga Khan, ikafunguliwa mwaka 2009. Jioni watu huja kupunga upepo, na wachuuzi huuza mishikaki, pweza na maji ya miwa. Hayo ni mazuri, lakini hayakutuleta hapa.

Mgeni na asimame katikati ya bustani, aipe bahari mgongo. Mkono wake wa kuume ataona Ngome Kongwe; mbele yake Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu; na mkono wa kushoto, kupita nafasi iliyo wazi, ataona Beit al-Sahel, iliyokuwa nyumba ya kukaa masultani. Majengo matatu, na hakuna mawili yanayofanana. Hapo ndipo uzuri wa uwanja huu ulipo. Ngome imefumba macho: ni ukuta mrefu wa rangi ya hudhurungi, wenye meno juu na minara pembeni, hauna dirisha la kumtazamia mgeni. Beit al-Ajaib imefumbua macho yote: imezungukwa na baraza juu ya baraza, kila moja imeshikwa na nguzo nyembamba ndefu za chuma. Beit al-Sahel ni nyeupe, tulivu, kama mtu mwenye heshima asiyependa kusema sana. Mtu akiyatazama pamoja husoma habari ya miaka mia mbili bila kufungua kitabu.

Ngome ndiyo ya kwanza kwa umri. Wareno walikuwa na kanisa lao mahali pale. Waarabu wa Oman walipowashinda katika Mombasa mwaka 1698 na kuwafukuza katika pwani hii, walijenga ngome juu ya kiwanja kile kile ili adui asirudi. Baadaye wafungwa walitiwa humo. Wasomaji na waangalie jambo moja la lugha: neno letu gereza latoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Neno lilianza kwa watu wa kusali, likaishia kwa watu wa kufungwa, na huenda kuta za namna hii ndizo zilizoligeuza.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Bwana huyu alikuwa amekaa Bombay miaka michache katika ujana wake, alipohamishwa kwa kugombea kiti na ndugu yake. Tena mwaka 1875 alikwenda Uingereza. Aliyoyaona huko hakuyasahau. Aliporudi alileta maji ya bomba mjini, na akajenga nyumba ambayo pwani yote haikuwa imeona mfano wake. Hakuijenga ili alale ndani yake. Aliijenga ili ionekane na kila nahodha aingiaye bandarini, na kwa kupokea wageni na kufanya sherehe. Sakafu zake ni za marumaru iliyotoka Ulaya. Milango ya ndani imechorwa aya za Kurani kwa dhahabu. Ilikuwa nyumba ya kwanza Unguja kutiwa taa za umeme, na baadaye ikatiwa lifti, yaani chumba cha kupandisha watu juu kwa nguvu za umeme, jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki hawakulijua kabla ya hapo. Palikuwa na madaraja ya juu, yaliyofunikwa, kutoka nyumba hii kwenda majumba ya jirani, ili mabibi wa kifalme wapite bila kuonekana na watu wa njiani.

Yafaa tuulize fedha ya kazi hiyo ilitoka wapi, maana msomaji wa bara anayo haki ya kuuliza. Ilitoka katika karafuu, na karafuu zilipaliliwa na kuchumwa na watumwa. Ilitoka pia katika pembe za ndovu, na pembe hazikuota pwani. Zilichukuliwa vichwani mwa watu kutoka bara, na misafara ile ilifika hata Ziwa letu la Victoria. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Barghash akiwa ametiwa nguvu na Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja hata mwaka 1897. Kwa hiyo nyumba ile ilijengwa katikati ya miaka hiyo. Twalisema neno hili si kwa kuikashifu nyumba. Twasema ili mtu wa Mara aitazamapo asidhani ni mali ya wengine. Jasho la watu wa bara limo ndani ya chokaa yake.

Mwaka 1896 uwanja huu uliona vita. Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa tarehe 25 Agosti, na Khalid mwana wa Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Akaambiwa atoke kabla ya saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wa Khalid kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, nyumba iliyosimama kati ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel, ilivunjika isijengwe tena. Ndiyo sababu ya ile nafasi iliyo wazi tuliyoitaja. Beit al-Sahel iliharibika ikajengwa upya. Beit al-Ajaib haikuumia sana. Lakini mnara mrefu wa taa uliosimama peke yake mbele yake ulivunjika, na katika matengenezo ya mwaka 1897 mnara wa saa ulitiwa katika uso wa nyumba yenyewe. Watu wengi hudhani mnara ule ni wa Barghash, sivyo. Picha zilizopigwa kabla ya vita zaonyesha wazi ya kuwa nyumba ya kwanza haikuwa nao.

Tangu mwaka 1911 nyumba ikawa ofisi za serikali, ikajaa makarani. Sisi ambao chakula chetu hutoka katika kalamu twapenda kuwafikiria wenzetu wale wakiandika barua katika vyumba virefu vile, upepo wa bahari ukipeperusha karatasi zao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na hatimaye ikawa nyumba ya makumbusho. Mwaka ule ule wa 1964, tarehe 22 Aprili, mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa Unguja akitia sahihi Mapatano ya Muungano pamoja na Sheikh Abeid Amani Karume. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa tuje kwenye mafundisho ya ujenzi. Jiwe la Unguja si kama jiwe la Musoma. Majabali yetu ni magumu. Mvua ya miaka elfu huyapiga yasibadilike. Jiwe la Unguja ni tumbawe, lililofanywa na wadudu wa baharini zamani sana. Ni jepesi, lina matundu, na hunywa maji kama kitambaa. Fundi hulipanga katika udongo na chokaa, na ukuta huwa na unene wa dhiraa moja na zaidi. Chokaa yenyewe hutoka katika jiwe lilo hilo: hurundikwa magogo duara, mawe yakawekwa juu, yakachomwa mpaka yawe meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji, na chokaa huachwa siku nyingi ipoe kabla ya kutumiwa. Fundi mwenye haraka hafai kazi hii.

Dari hushikwa na boriti, nazo ni miti ya mikoko iliyokatwa katika maji ya chumvi, mingi ikitoka midomo ya mto Rufiji. Boriti nzuri haizidi sana futi 10 au 12. Basi mwalimu na awaulize watoto: kwa nini vyumba vya nyumba za pwani ni virefu lakini vyembamba? Jibu ni mti. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, na tajiri na maskini huwa sawa katika hilo. Barghash alitaka kumbi pana, kwa hiyo ilimbidi kuchanganya: mawe na boriti kwa desturi ya pwani, pamoja na nguzo za chuma na mihimili ya chuma iliyoagizwa ng'ambo. Hilo ndilo ajabu halisi la Nyumba ya Maajabu, kuliko taa na lifti. Na baraza zile zinazoizunguka si pambo tu. Zafunika ukuta na jua la mchana, zazuia mvua ya upande, na zapitisha upepo vyumbani. Tumeona shule nyingi zimejengwa bila baraza ili kupunguza gharama, watoto wakaungua kwa joto chini ya mabati. Waliozijenga hawakuokoa kitu.

Nyumba ya namna hii hufaje? Haifi kwa kupigwa. Mizinga ya mwaka 1896 haikuiangusha Beit al-Ajaib. Hufa kwa maji, tena maji yatokayo juu. Mvua hupata tundu dogo katika sakafu ya juu, au mlizamu wa kutoa maji huziba kwa majani na mavi ya ndege. Maji hushuka ndani ya ukuta polepole, na mahali yanapokaa zaidi ni pale ncha ya boriti ilipoingia katika jiwe. Kwa nje boriti yaonekana nzima. Ncha yake imekuwa unga. Basi dari haishiki tena ukuta, na ukuta usioshikwa huanza kutoka nje kama tumbo la mtu mgonjwa. Watu wa pwani husema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao wasema kweli. Lakini mafundi wa Mji Mkongwe wangeongeza ya kuwa ufa huonekana ukutani wakati ulianzia darini mvua nyingi zilizopita. Azibaye ukutani tu amefunga kidonda na kuacha mwiba ndani.

Chuma nacho kina ugonjwa wake. Hewa ya chumvi hukitia kutu, na chuma kilichopata kutu huvimba, kikapasua jiwe lililokizunguka. Lakini dawa mbaya kupita zote ni saruji. Mtu huona ukuta unamenyeka, hupaka saruji ngumu juu yake, naye hufurahi kwa kuwa umekuwa laini. Chokaa huacha ukuta upumue. Maji yaliyoingia hutoka tena jua likiwaka. Saruji huyafungia ndani. Baada ya miaka michache ukuta waonekana mzuri kwa nje, na ndani umeoza. Twawaomba mafundi wetu wa Musoma wasilidharau neno hili wakidhani ni la pwani tu. Nyumba za zamani za matofali ya udongo zilizopakwa saruji hupata ugonjwa uo huo, na kila mtu anaweza kuuona chini ya madirisha.

Dalili hazikukosa katika Beit al-Ajaib. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka, na nyumba ikafungwa watu wasiingie. Miaka ikapita katika kutafuta fedha na mapatano. Hata kazi kubwa ya kuitengeneza ilipoanza, kwa msaada wa serikali ya Oman, mafundi wakiwa ndani yake, ukaja mchana ule wa Desemba 2020: upande wa kuelekea bahari ulianguka pamoja na mnara wa saa. Waliokufa walikuwa kazini wakijaribu kuiponya. Sababu kamili ya siku ile ni ya wahandisi kuisema. Sisi twasema tu ya kuwa nyumba iliyostahimili miaka 137 haikuchoka kwa siku moja.

Wako wasemao ya kuwa fedha ya kutengeneza jumba la masultani ingefaa zaidi kujenga zahanati vijijini. Neno hilo si la kipumbavu, wala hatuwacheki walisemao. Mama aliyembeba mtoto mgonjwa maili nyingi ana haki ya kusema hivyo. Lakini na wafikiri ya kuwa Unguja hula kwa wageni waujiao mji ule, na wageni hawaji kutazama vifusi. Tena heshima ya Urithi wa Dunia si ya milele. Mji wa Liverpool katika Uingereza uliandikwa mwaka 2004, ukajenga majumba mapya yaliyobadilisha sura ya bandari yake, na mwaka 2021 jina lake likafutwa. Kwa hiyo swali la Forodhani si kujenga au kutojenga tu, bali kujenga namna gani: kwa chokaa na boriti kama zamani, au kwa zege lililovikwa sura ya zamani? Sisi twapendelea njia ya kwanza kila iwezekanapo, ingawa ni ya polepole, kwa kuwa mafundi wa chokaa wakikosa kazi ujuzi wao utazikwa pamoja nao, na nyumba nyingine zote za mji zitakosa daktari.

Wala si kweli ya kuwa nyumba za namna hii haziponi. Mbele kidogo ya Beit al-Sahel, kwa kufuata pwani, iko zahanati ya zamani iliyoanzishwa na tajiri Mhindi Tharia Topan. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, naye alikufa kabla haijakwisha. Baraza zake za mbao zimechongwa kama nguo ya darizi. Kwa macho yetu yapita Beit al-Ajaib kwa uzuri, ingawa ni ndogo. Nayo iliachwa, ikavuja, mbao zikaoza. Katika miaka ya 1990 mafundi waliitengeneza kipande kwa kipande, wakachonga upya kile tu kilichokuwa hakifai, nayo ikasimama tena. Atakaye kujua kama kazi ya chokaa na mbao yawezekana katika siku hizi na akaitazame.

Mzanaki au Mjita aezekaye kwa nyasi hahitaji kufundishwa mengi katika habari hii. Ajua ya kuwa nyumba ni paa. Kabla ya mvua za Machi hutazama nyasi zake, hubadilisha zilizooza, hukaza fito. Hasemi, nyumba hii niliijenga mwaka juzi, imekwisha. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akijengewa shule ya matofali na mabati hudhani imejengwa mara moja kwa siku zote, na kwa kuwa ni ya watu wote huwa si ya mtu yeyote. Mchirizi ukianguka hakuna aokotaye.

Nasi katika Mara tunayo majengo ya kukumbukwa. Yako mabaki ya ngome ya Wajerumani kule Ikoma; yako makumbusho ya Mwalimu katika Butiama, na Mwitongo penye kaburi lake; ziko nyumba za kwanza za serikali na za misheni zilizojengwa na babu zetu kwa mikono. Nyingi hazijapata kuchorwa na mtu. Picha za zamani ndizo zilizotuambia mnara wa Forodhani ulisimama wapi kabla ya mwaka 1897. Nyumba isiyo na picha wala mchoro ikianguka, hakuna awezaye kuuliza kitu. Mwalimu aliye na darasa la hesabu anaweza kuianza kazi hii juma lijalo. Kamba ya kupimia, karatasi na penseli zatosha. Watoto wawili washike kamba, mmoja aandike, nao waanze mlangoni, kwa kuwa mlangoni ndipo unene wa ukuta huonekana bila kuubomoa. Kisha wapime upana wa chumba, wahesabu miti ya dari, na waandike ni mti gani, kama yupo mzee awezaye kuwaambia.